Mkunga Aliyeng'oa Vichaka vya Bugomora

Hakuna aliyewahi kuniambia Mkunga alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani, na katika miaka yote niliyomfahamu mimi sikumwuliza. Jina lake la ubatizo nililiandika mara moja tu, kwenye kadi ya wagonjwa, na hapa sitalitaja. Bugomora nzima walimwita Mkunga, hata watu wenye mvi, na ukisema "Mkunga kasema," hakuna aliyeuliza mkunga yupi.

Mara ya kwanza nilimwona akiwa ameketi chini kando ya njia, nyayo zote mbili amezikita kwenye shina la kichaka, mikono imeshika mzizi, anavuta kwa nguvu za mgongo. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita kuu ya pili. Mimi nilikuwa dresa, mhudumu wa tiba, kijana wa Kilutheri kutoka Muleba, nimetumwa na baiskeli, sanduku la dawa na darubini, kwa sababu malale yalikuwa yameingia katika vijiji vinavyotazama bonde la Kagera. Kazi yangu ilikuwa kupapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, kuwatoboa vidole na kutazama damu yao. Nikasimama nikamsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mhaya wa sindano?"

"Ndimi."

"Shuka kwenye chuma hicho uje uvute hapa. Nimeshaulegeza."

Nilikuwa nimevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Nilivuta hivyo hivyo. Mzizi ukang'oka ghafla, tukaanguka chali wote wawili, naye akacheka kicheko kilichochanganyika na kikohozi huku kiko kikiwa bado mdomoni. Kisha akaitazama kaptula yangu. "Sasa unafanana na mtu mwenye kazi," akasema.

Ili aeleweke, inabidi nieleze vichaka vile vilitoka wapi. Wazee walisimulia kwamba zamani, kuanzia mwisho wa migomba hadi ukingo wa bonde, palikuwa rweya tupu, nyika ya majani, na mtu akisimama mlangoni pake aliwahesabu ng'ombe wake wote. Halafu sotoka ikaua ng'ombe, wenye ng'ombe wakahama, majani yakakosa wa kuyala. Miti ya miiba ikaanza kupanda kutoka bondeni, mwaka hadi mwaka. Juu ya hayo akaja mfanyabiashara mmoja wa ngozi na kahawa, akazungushia duka lake ua wa mmea wa kigeni ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Maua yake ni mazuri, sikatai, ya manjano na ya waridi katika kishada kimoja. Ndege wakala vitunda vyake vyeusi wakaenda kunya mbegu zake kila mahali. Mfanyabiashara akaondoka, duka likaanguka, lakini ua ule ukatambaa hadi kisimani. Watu wakauita mdukani.

Chini ya mdukani na miti ya miiba mbung'o walipata kivuli cha kukaa mchana kutwa. Njia ya kisima ilipita katikati. Kwa hiyo waliokuja kwangu na vidonda vya kuumwa, kisha homa, kisha ule usingizi wa ajabu unaomshika mtu kijiko kikiwa mkononi, wengi wao walikuwa wanawake.

Serikali ilikuwa imeagiza kila mwanamume afyeke kwa siku kadhaa. Walifyeka. Walikata vichaka usawa wa kiuno, wakaketi, wakarudi nyumbani. Mvua ikinyesha, shina moja linatoa machipukizi sita. Mkunga aliyaona hayo miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu akachukua jembe na muhoro, ule mundu wa migombani, akaenda peke yake.

"Ukikata bila kung'oa umekipogolea tu," alikuwa akisema. "Kama kahawa. Kinakushukuru."

Baadaye akawa na wanawake, wakati mwingine kumi, wakati mwingine ishirini, asubuhi mbili kila juma. Hawakulipwa wala hawakulazimishwa na mtu wa serikali. Ilikuwa kazi ya kujitolea, ingawa ni kujitolea kwa namna yake. Alikuwa anasimama mlangoni kwa mtu, hapiti ndani, anamtazama mtoto anayecheza uani. "Huyu nilimpokea mimi. Alitanguliza miguu. Kesho njoo na jembe." Kisha anaondoka. Simjui mwanamke aliyethubutu kubaki nyumbani.

Kazini ulimi wake ulikuwa mchungu kupita mwarobaini. Aliyechelewa aliambiwa, "Mbung'o wameamka kabla yako." Aliyeacha mzizi ardhini alirudishwa kuufukua mbele ya wenzake. Lakini mikono ile ile niliiona usiku na mchana kwenye nyumba za wazazi, ikimkanda mwanamke kiuno taratibu, na sauti ile ile ikinong'ona, "Polepole, waitu, mwenzetu, polepole, hatuna haraka." Wanawake walisema kuna Mkunga wawili, na kwamba walimtamani wa ndani walipokuwa nje.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza walifukua kuzunguka shina, wakakata mizizi ya pembeni, ndipo wakavuta. Mizizi iliwekwa juu ikitazama jua. Matawi yenye vitunda yalichomwa papo hapo, hata kama mvua inakuja. Na kila shimo walilifukia kwa udongo na kupandikiza kishungi cha majani ya rweya walichokibeba kwenye vikapu, kwa maana alisema ardhi iliyoachwa wazi inamwita adui kwa jina. Baada ya mvua walirudi kwa magoti, wakinyofoa miche midogo kama wanaopalilia maharage. Mwaka wa pili wa kazi hiyo, njia ya kisima ilikuwa na upana wa kupitisha ng'ombe kumi sambamba, na kwenye kitabu changu nilianza kuandika wagonjwa wachache. Wakati huo Mkunga hakuwa ametabasamu mbele yangu tangu siku ile tulipoanguka.

Nilimkuta na kosa moja nikafurahi, kwa maana nilikuwa kijana. Nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba, kulikuwa na kichaka kimoja cha mdukani, kimekatwa vizuri kama kichwa kilichonyolewa, hakina ua hata moja.

"Mama, na hiki?"

"Hiki ni cha kikohozi. Majani yake nachemshia watoto."

"Umewakataza wenzako wasiache hata kimoja."

"Wao hawatanyofoa kila ua kila asubuhi. Mimi ninanyofoa." Akanitazama. "Kawaambie, kama una nafasi."

Sikuwaambia. Ninadhani walijua.

Mkungu, yaani kiongozi wa kijiji, hakumpenda. Alikuwa mtu wa kanzu safi na filimbi shingoni, na alingojea sana sifa za wakubwa. Siku moja akaja kazini na karani wake, mimi nikiwepo kwa sababu nilikuwa ninawakagua wanawake shingo pale pale walipofanyia kazi.

"Mkunga," akasema, "wanawake hawa nitawaandika katika kazi ya serikali. Bwana wa wilaya akija, aone kijiji changu kimefanya kazi."

"Usiwaandike."

"Kwa nini? Kazi si ile ile?"

"Ukiwaandika leo, kesho utawapigia filimbi. Keshokutwa utawatoza faini. Na mwanamke aliyepigiwa filimbi atakata juu juu kama mume wake."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Nazungumza na mtu niliyemfunga kitovu."

Wanawake waliinamia majembe ili wasionekane nyuso. Mkungu akaondoka na karani wake. Lakini msimu huo, wanaume walipopangwa kwenda kufyeka, aliwapeleka upande mwingine kabisa wa kilima. Kile kichaka kikubwa cha chini ya kisima, kinene na cheusi, ambacho kilihitaji watu wenye mikuki waingie kwanza, akasema wakiache. Wanawake wa Mkunga, alisema, wanajitosheleza.

Mkunga angeweza kungoja. Nilimshauri angoje. Alisema mvua haitamngojea.

Asubuhi walipoingia kwenye kichaka kile walikuta kinyesi cha nyati njiani. Wakasimama. Mkunga akakigusa kwa kidole cha mguu, akakivunja, akasema, "Ni cha juzi. Ameshapita." Wakaendelea. Aliyekuwa mbele aliitwa Kokushubira, mke wa mfugaji mmoja wa ng'ombe, mwanamke mchekeshaji, ambaye mtoto wake wa miezi saba alikuwa amelazwa kwenye majani na kuangaliwa na mwenzake. Nyati alikuwa amelala hatua ishirini mbele yao. Walisema hakukuwa na kelele kubwa, ni matawi tu yaliyovunjika.

Waliponiita nilikimbia na sanduku langu, nikafika, nikaona halina kazi. Mkunga alikuwa ameketi na kichwa cha Kokushubira mapajani, ameshika tumbo lile kwa mikono yake miwili kana kwamba anazuia kitu kisitoke. Kokushubira alikuwa ameshafariki. Mkunga hakutaka mtu mwingine amguse mpaka tulipotengeneza machela.

Mume alikuwa kwenye malisho ya mbali. Wanawake wakapanga kumtuma mzee wa kanisa aende kumwambia kwa upole. Mkunga akasema hapana. Akaenda mwenyewe, nguo ikiwa na damu, mimi nikimfuata kwa sababu niliogopa atauawa. Mfugaji alituona tangu mbali, akajiegemeza kwenye mkuki wake.

"Mke wako amekufa," akamwambia. "Nyati. Mimi ndiye niliyemwita kazini, na mimi ndiye niliyesema nyati hayupo. Niliona kinyesi nikasema ni cha zamani. Nilikosea."

Mtu yule aliinua mkuki, akaushusha, akauinua tena. Mkunga hakusogea. Mwishowe mfugaji akageuka akaanza kuwakusanya ng'ombe, akiwaita mmoja mmoja kwa majina, sauti yake haitetemeki hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mtoto alichukuliwa na ndugu wa baba yake. Mkunga alirudi kazini siku ya nne baada ya maziko. Wengi walimchukia kwa hilo, na kwa majuma kadhaa alikuwa na wanawake watatu tu. Kisha asubuhi moja mfugaji yule akatokea na shoka. Hakumsalimu mtu. Akaenda upande wa chini, kwenye kichaka kile kile, akaanza kung'oa. Alifanya hivyo kwa miaka, kila siku ya kazi, mwisho wa mstari, na kwa kadiri nijuavyo hakuzungumza na Mkunga tena maishani mwake. Wanawake wengine wakarudi kidogo kidogo. Kufikia vita ilipoanza, kichaka cha chini ya kisima kilikuwa kimekwisha, na mbuzi walikuwa wanakula pale.

Watu wakisikia habari hizi hupenda niishie hapo. Lakini Mkunga alikuwa ameumwa na mbung'o kuliko mtu yeyote Bugomora, na kila nilipotaka kumpapasa shingo alinipiga mkono. "Papasa wenye nafasi ya kuugua," alisema.

Habari zililetwa na mwanamke mmoja aliyekuja mbio kwenye kituo changu cha matibabu. Mkunga alikuwa anamzalisha jirani yao, uchungu umekolea, mikono yake iko juu ya tumbo la mzazi, na katikati ya neno alilala. Alilala ameketi. Walimwita, wakamtikisa, akafumbua macho akauliza ni saa ngapi, akalala tena. Mtoto alipokelewa na mwanamke aliyekuwa amekuja kuleta kuni tu. Alipona, na mama yake pia. Lakini Mkunga alipoelezwa alivyofanya, alifunika uso kwa khanga akakubali kuja kwangu bila ubishi. Tezi zilikuwa nyuma ya shingo, kubwa kama mbegu za kahawa. Kwenye darubini niliwaona wadudu wakijinyonganyonga katikati ya damu yake.

Dawa iliyokuwepo kwa mtu aliyefikia hapo ilikuwa moja, sindano ya mshipa, mara moja kila juma. Nilipokabidhiwa dawa ile nilionywa kwamba inaweza kugusa macho. Mgonjwa akisema anaona mwanga unaochezacheza, au ukungu, simamisha. Nilionywa hivyo kwa maneno ya wazi, siwezi kusema sikusikia.

Siku ya sindano ya nne alikuwa ameanza kuamka. Alikuwa anakula, anawatukana wahudumu. Nilifurahi. Nilipokuwa nafunga mkono wake kwa mpira akasema, "Mhaya, mbona naona vimulimuli mchana?"

Nilijua. Nilisimama na sindano mkononi nikajua kabisa. Nikisimamisha, usingizi utarudi, na safari hii hautaondoka, kwa maana niliwazika wengi walioishia nusu. Nikiendelea, huenda atapona, huenda macho yatakwenda. Dawa nyingine sikuwa nayo. Mtu wa kumwuliza alikuwa Bukoba, mwendo wa siku nyingi na njia zimeharibika kwa mvua.

"Ni homa," nikamwambia. "Yatapita."

Nikampa ya nne, na nyingine nne baada yake. Malale yalikwisha. Alipotoka kituoni aliongozwa kwa mkono, na watu wakasema malale yamemwachia uhai yakachukua macho. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Mimi nikawaacha waseme.

Wanawake waliendelea bila yeye kwa muda. Lakini hakukuwa na wa kusimama mlangoni kwa mtu, na wale wawili waliotaka kuongoza hawakupatana. Kisha serikali ikaamua kwamba watu walioishi wametawanyika kwenye miteremko ile wakusanywe mahali pamoja, mbali na mbung'o. Walipewa muda mfupi wa kuhama. Niliwaona wakipita na vitanda vichwani na kuku mikononi, na nyuma yao migomba imesimama na mikungu ambayo haijakomaa. Mkunga alichukuliwa na mpwa wake upande wa Kanoni. Mimi nikahamishiwa kwingine, nikaoa, nikapata watoto, na miaka ikapita kumi na zaidi.

Nilikutana naye tena miaka ya hamsini. Nilikuwa nimepangiwa kituo karibu na Kanoni, na kwa majuma mengi nilikwepa kijiji chake. Siku niliyokwenda ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mpwa wake, anachambua maharage kwa vidole, mabovu anayatupa kushoto. Alikuwa amekonda sana.

"Shikamoo, mama."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Mhaya wa sindano. Umenenepa, nasikia hatua zako. Kaa."

Nikakaa. Akauliza habari za mke wangu, za watoto, za kanisa la kwetu. Kisha akauliza, "Umepita Bugomora?"

"Nimepita, mwezi uliopita."

"Njia ya kisima?"

Nilitaka kusema uongo, nikashindwa. "Haipo, mama. Imefunga. Hata mtu mmoja hapiti."

"Mdukani?"

"Mpaka kwenye misingi ya nyumba."

Akaendelea kuchambua. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, sikuona. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Miaka saba tuling'oa." Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Mama, macho yako hayakuchukuliwa na malale. Ni dawa. Niliambiwa mapema kwamba inaweza. Uliponiambia habari za vimulimuli nilijua ni nini, nikakwambia ni homa."

Ndani ya nyumba mke wa mpwa wake alikuwa anatwanga, na mchi ukasimama.

"Ilikuwa sindano ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na zilikuwa nane."

"Zilikuwa nane."

"Ungeacha, ningekufa?"

"Nadhani hivyo. Sina hakika, lakini nadhani hivyo."

"Ningekwambia uendelee," akasema. "Ningekwambia, choma. Lakini ungeniuliza, Mhaya. Ungeniacha nikatazame watu kwanza. Nilikuwa na majuma manne, nikayamaliza nikiangalia dari ya kituo chako."

Nililia, naye alinisikia nikilia wala hakunikataza wala hakunifariji. Alisubiri niishe, kama alivyokuwa akiwasubiri wazazi.

"Wako wangapi wengine?" akauliza.

"Wengine?"

"Uliowaambia ni homa."

Sikuwahi kuwahesabu. Nikahesabu sasa, mbele yake, kwa majina, vijiji na mwaka, na kila nilipotaja mmoja alitikisa kichwa kuonyesha kwamba anamfahamu, au kwamba alimpokea mtoto wake. Walikuwa tisa. Wawili nilijua wameshakufa.

"Hao saba umewaambia?"

"Bado."

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akafikia goti langu, akalisukuma kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Sasa unafanya nini hapa?"

Nilichukua baiskeli. Wa kwanza aliishi mwendo wa saa tatu kutoka pale, mzee wa Kinyambo aliyekuwa fundi wa kutengeneza vitanda. Nilimkuta mlangoni pake, uso ameuelekeza njiani. Alisikia magurudumu yakisimama, akauliza ni nani.

Nikamwambia jina langu.